Presha ipimwe nyumbani, na pawepo wa kujibu

Kila ifikapo 17 Mei, Siku ya Shinikizo la Damu Duniani, mahema ya kupima presha bure hufunguliwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Watu hupanga foleni, huvishwa ukanda mkononi, huandikiwa namba mbili kwenye kipande cha karatasi, na mwenye namba kubwa huambiwa aende hospitali. Jioni mahema hukunjwa. Karatasi hubaki mfukoni, na kwa wengi safari ya matibabu huishia hapo.

Ugonjwa wenyewe si mgeni masikioni. Waganda huuita puleesa, Waswahili huuita presha, na hakuna familia mjini Kampala, Mwanza au Mombasa isiyoweza kumtaja ndugu aliyeanguka kwa kiharusi. Jina la ugonjwa limeenea kuliko tiba yake.

Sasa linazungumzwa wazo la kuupeleka upimaji huo nyumbani. Mgonjwa anakuwa na mashine ndogo, anajipima asubuhi na jioni, na namba zinatumwa kwa simu hadi kwa muuguzi au tabibu anayemfuatilia akiwa mbali. Ni wazo jema na linastahili kuungwa mkono. Lakini lazima lisemwe mapema jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalisemi: mashine haitibu. Anayetibu ni mtu anayezisoma zile namba, akabadilisha dawa inapobidi, na kuhakikisha dawa hiyo inapatikana. Serikali, hospitali na wafadhili wakinunua mashine bila kumwandaa mtu huyo, watakuwa wamelihamishia hema la Mei sebuleni kwa mgonjwa.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Uganda mwaka 2014 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya watu wazima waliopimwa, asilimia 26.4, walikuwa na shinikizo la juu la damu. Kanda ya Kati, iliyouzunguka mji wa Kampala, iliongoza kwa asilimia 28.5. La kutisha zaidi ni kwamba miongoni mwa waliokutwa na tatizo hilo, asilimia 7.7 tu ndio waliokuwa wanajua kwamba wanalo. Wengine wote walikuwa wakiendelea na shughuli zao, wakibeba mizigo, wakilea watoto, wakiendesha bodaboda, bila habari.

Uganda haiko peke yake. Ripoti ya kwanza ya Shirika la Afya Duniani kuhusu shinikizo la damu, iliyotolewa Septemba 2023, ilisema kuwa takriban watu wanne kati ya watano wenye tatizo hili duniani hawapati matibabu ya kutosha. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Presha ni mvua isiyotanguliwa na wingu. Mtu haumwi kitu, hadi siku mkono mmoja unapolegea, mdomo unapopinda, au figo zinapokuwa zimechoka.

Wapo wanaodhani kuwa ugonjwa huu ni wa wazungu, au wa matajiri wenye vitambi. Dhana hiyo ina historia. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika eneo la Kavirondo magharibi mwa Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima wenyeji wapatao 1,000, na hakuona presha ikipanda kwa umri kama ilivyokuwa Ulaya. Miaka sitini baadaye, utafiti mwingine uliwafuatilia Wakenya waliohama vijijini kwenda Nairobi. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1990, yalionyesha kuwa presha zao zilianza kupanda ndani ya miezi michache tu ya kufika mjini. Chumvi mwilini iliongezeka na madini ya potasiamu, ambayo hupatikana kwa wingi kwenye matunda na mboga, yalipungua. Damu ya Mwafrika haikubadilika. Kilichobadilika ni chakula, kazi, usingizi na mahangaiko.

Lubaga ni picha halisi ya badiliko hilo. Tarafa hii ya magharibi mwa Kampala ilihesabiwa kuwa na wakazi takriban 380,000 katika sensa ya mwaka 2014. Ndani yake yamo makaburi ya wafalme ya Kasubi, kanisa kuu la Kikatoliki juu ya kilima cha Lubaga, masoko ya Nateete, na viwanda vya mbao vya Ndeeba. Zimo pia hospitali mbili kati ya zile kongwe kabisa nchini: Mengo, iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897, na Lubaga, iliyoanzishwa na masista wamisionari miaka miwili baadaye. Vipo pia vituo vya afya vya Halmashauri ya Jiji la Kampala (KCCA), vikiwemo Kawaala na Kitebi.

Kwa hiyo tatizo la mkazi wa Lubaga si kwamba hospitali iko mbali. Tatizo ni namna huduma ilivyopangwa. Chukua mfano wa mama muuza matooke wa Nateete aliyeambiwa arudi kliniki kila mwezi. Siku hiyo hafungui meza yake. Analipa nauli, au anapanda kilima kwa miguu, anafika akiwa anahema, anakaa kwenye benchi saa kadhaa, kisha anapimwa mara moja kwa dakika mbili. Namba inaandikwa kwenye daftari la shule, lile ambalo wagonjwa wengi wa Uganda hulibeba kama kitabu chao cha matibabu. Kwa namba hiyo moja tabibu anatakiwa kuamua kama dawa iongezwe au iachwe ilivyo.

Namba hiyo inaweza kudanganya kwa njia mbili. Wapo ambao presha yao hupanda kwa sababu tu wako mbele ya koti jeupe, au kwa sababu wametoka kupanda mlima na kukaa na wasiwasi wa nani atachunga biashara. Hao wanaweza kuongezewa dawa wasiyoihitaji. Wapo pia ambao kliniki huonekana wazima, lakini nyumbani, katikati ya madeni, kelele na usiku wa kukosa usingizi, presha yao iko juu. Hao hurudishwa nyumbani wakiwa na hatari isiyoonekana. Vipimo kadhaa vya nyumbani, vilivyochukuliwa kwa utaratibu kwa siku kadhaa, huonyesha ukweli wa mwili kuliko kipimo kimoja cha mwezi.

Utaratibu wenyewe ni rahisi, na yeyote anaweza kufundishwa. Mtu asinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla ya kujipima, aende haja ndogo kwanza, akae kimya kwa dakika tano. Mgongo uegemee kiti, miguu yote miwili ikanyage sakafu bila kukunjwa, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, na ukanda ufungwe kwenye mkono wa juu bila kupitia juu ya nguo. Apime mara mbili, dakika moja ikipita katikati, asubuhi na jioni, kwa siku tatu hadi saba. Vipimo vya siku ya kwanza huachwa, vilivyobaki hutafutiwa wastani. Kliniki, 140/90 ndiyo mstari wa hatari unaotumika katika nchi nyingi. Nyumbani mstari huo hushuka hadi 135/85, kwa kuwa mtu yuko ametulia.

Je, kujipima huko kunashusha presha? Hapa ndipo watunga sera wanapotakiwa kusoma kwa makini. Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kumpa mgonjwa mashine peke yake hakusaidii sana. Presha ilishuka pale ambapo kujipima kuliambatana na msaada: mfamasia, muuguzi au daktari anayefuatilia na kurekebisha dawa. Mwaka uliofuata, utafiti wa Uingereza uliowahusisha wagonjwa wapatao 1,180 ulithibitisha jambo hilo. Madaktari walioongozwa na vipimo vya nyumbani katika kupanga dawa waliwafikisha wagonjwa wao kwenye presha ya chini kuliko walioendelea na vipimo vya kliniki. Waliotuma namba zao kwa simu walifikia nafuu hiyo mapema zaidi. Siri haikuwa kwenye simu. Ilikuwa kwamba upande wa pili alikuwepo mtu, na mtu huyo alikuwa na mamlaka ya kubadilisha dawa.

Kwa Uganda hili si somo geni. Nchi hii iliwahi kuifundisha dunia kwamba matibabu ya maisha yote yanaweza kumfuata mgonjwa alipo. Katika utafiti uliofanyika Jinja kwa ushirikiano na shirika la TASO, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009, wagonjwa wa virusi vya UKIMWI waliopelekewa dawa nyumbani na wahudumu wa kawaida waliozunguka kwa pikipiki waliendelea vizuri sawa na wale waliofuata huduma kliniki. Baadaye nchi ilipanga huduma hizo kulingana na hali ya kila mgonjwa. Aliye imara hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, au huzichukua kupitia kikundi cha wenzake mtaani, na foleni ya kliniki huachiwa walio dhaifu. Mwenye presha, ambaye naye atameza dawa maisha yake yote, hana sababu ya kunyimwa mpango kama huo.

Corona nayo iliacha funzo. Machi 2020 Uganda ilisimamisha usafiri wa abiria, bodaboda zikakatazwa kubeba watu, na aliyehitaji gari la kwenda hospitali akatakiwa kupata kibali cha Kamishna Mkazi wa Wilaya. Kwa mgonjwa wa presha ambaye tiba yake yote ilitegemea kufika kliniki kila mwezi, mlango ulifungwa ghafla. Dharura nyingine haitapiga hodi. Huduma inayoweza kuendelea mgonjwa akiwa kwake si anasa.

Vikwazo vipo na visifichwe. Cha kwanza ni ubora wa mashine. Madukani na mitandaoni zinauzwa za kila aina, nyingine za kufunga kwenye kifundo cha mkono, nyingine zenye ukanda usiotosha mkono mnene, jambo ambalo peke yake huweza kupandisha namba bila sababu. Shirika la Viwango la Uganda hukagua mizani ya wauza nyama na maharage ili mnunuzi asipunjwe. Mashine ya presha nayo ni mizani, na kinachopimwa humo ni uhai. Mnunuzi anastahili orodha ya wazi ya mashine zilizothibitishwa, na mahali pa kuipeleka yake ikakaguliwe.

Cha pili ni huyo mtu wa kujibu. Muuguzi ambaye tayari ana benchi lililojaa wagonjwa hawezi kuongezewa simu yenye namba za watu mia na kuambiwa azisome wakati wa chakula. Kazi ya kufuatilia kwa mbali ni kazi kamili. Ihesabiwe saa zake, ilipwe, na iwe na mipaka: namba ipi inasubiri hadi wiki ijayo, ipi inajibiwa leo, ipi inamfanya mgonjwa aitwe mara moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaruhusu wauguzi na wafamasia waliofunzwa kutoa dawa za presha chini ya usimamizi wa daktari. Hapana sababu ya kila badiliko dogo la kidonge kumngojea bingwa.

Cha tatu ni dawa. Ada katika vituo vya serikali vya Uganda zilifutwa mwaka 2001, lakini huduma ya bure haina maana siku ambayo rafu ni tupu na mgonjwa anaelekezwa duka la dawa. Katika hospitali za mashirika ya dini, kama zile mbili za Lubaga, mgonjwa hulipa. Muswada wa bima ya afya ya taifa uliopitishwa na Bunge Machi 2021 haukutiwa saini kuwa sheria. Kumwonyesha mtu kila asubuhi kwamba presha yake ni 170, ilhali hana kidonge cha kuishusha, ni kumwongezea hofu tu.

Cha nne ni mawasiliano. Wazee wengi wanaohitaji huduma hii wanatumia kitochi, si simu janja. Tena intaneti si ya kutegemewa wakati wote, kwani Januari 2021 ilizimwa nchini Uganda kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi mkuu. Kwa hiyo mfumo ujengwe kwanza juu ya ujumbe mfupi wa kawaida na kupigiana simu, programu za simu janja zifuate. Sheria iliyoweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data mwaka 2021 ilizitenga huduma za afya na elimu. Msamaha huo uonekane kwenye bando la mgonjwa, usiishie kwenye karatasi.

Na ipo siri ya mgonjwa. Namba za presha zinazosafiri kwa simu zinaweza kumfikia mwajiri, mkopeshaji au kampuni ya bima. Uganda na Kenya zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania ikafuata mwaka 2022. Kila mpango wa kufuatilia wagonjwa kwa mbali useme wazi taarifa zinakaa wapi, nani anaziona, na mgonjwa anajitoaje akitaka.

Lubaga ni mahali pazuri pa kuanzia kwa vitendo. KCCA, Wizara ya Afya na hospitali za Lubaga na Mengo zinaweza kukubaliana juu ya mpango mmoja badala ya kila mmoja kuwa na wake. Si lazima kila nyumba inunue mashine. Mashine mbili au tatu zilizothibitishwa, zikiwa mikononi mwa wahudumu wa afya wa jamii wa kila zoni, zinaweza kuazimwa kwa wiki moja kwa zamu, kama vile majirani wanavyoazimana ngazi. Mgonjwa apime siku saba, atume namba, apokee jibu ndani ya muda uliotangazwa, kwa Kiganda au Kiswahili. Presha ikiwa imetulia, apewe dawa za miezi mitatu. Isipotulia, aitwe yeye, na benchi la kliniki liwe na nafasi yake.

Kipimo cha mafanikio nacho kiwe kimoja. Isihesabiwe idadi ya mashine zilizogawanywa wala picha za uzinduzi. Ihesabiwe idadi ya watu ambao presha yao imeshuka chini ya mstari baada ya mwaka, na itangazwe hadharani, zoni kwa zoni.

Ngazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake, na kwa bahati imeshagawana kazi. Chini ya mpango wa vituo vya umahiri vya Jumuiya, Tanzania ilipewa magonjwa ya moyo, Kenya figo, Uganda saratani, Rwanda uhandisi wa tiba na afya ya kidijitali, Burundi lishe. Ukiitazama presha, utaona inavipitia vinne kati ya vitano hivyo: inaua kupitia moyo, inaharibu figo, inalishwa na chumvi, na sasa inafuatiliwa kwa mitambo. Hakuna ugonjwa unaofaa zaidi kuonyesha kwamba mgawanyo huo una faida kwa mwananchi. Vituo hivyo vikikaa meza moja vinaweza kutoa orodha moja ya mashine zinazokubalika kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa, utaratibu mmoja wa dawa, na ununuzi wa pamoja unaoshusha bei. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kigali kupitia Barabara ya Masaka, inayopita pembeni mwa Lubaga, aweze kupimwa Nateete na namba zake zikasomeka kwa muuguzi wake wa Changamwe.

Hadi hayo yatimie, mwenye mashine nyumbani asiigeuze daktari. Namba ikishuka, asiache dawa, kwa kuwa imeshuka kwa sababu ya dawa hizo. Namba ikipanda mara moja, asikimbilie kumeza kidonge cha jirani: atulie, apime tena, aandike, apige simu. Ikifika 180 kwa 120 na kubaki hapo baada ya kurudia kipimo, amtafute mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Na ikiambatana na maumivu ya kifua, kulegea upande mmoja, kushindwa kusema au kuona ukungu, asingoje jibu la mtu. Aende hospitali saa hiyo hiyo.

Wizara na KCCA zinapoandaa bajeti ya afya, swali la kujibu kabla ya kuagiza mashine ya kwanza ni hili: namba ikitumwa kutoka Ndeeba saa moja asubuhi, nani ataipokea, na ana uwezo gani wa kufanya lolote? Jina la mtu huyo likishaandikwa, na mshahara wake ukishatengwa, mashine zinunuliwe.